Mbwa wa Mtumbwini

Haya yalimpata rafiki yangu Eustaki, akijifunza kupiga kasia mtoni Kilombero, mwaka ule Wajerumani walipochoma vijiji baada ya Maji Maji. Mwalimu wake, Mzee Apolinari, alisafiri na mbwa wake. Kila abiria alipopanda, mbwa huyo alisogea kumpisha.

Jioni moja, ndani ya giza la matete, mwanamke aliita, "Jamani, tuvusheni!"

"Usimwitikie mtu usiyemwona," Mzee alinong'ona.

Eustaki alikwisha kuitika: "Tunakuja, mama!"

Ng'ambo walikuta majivu tu. Mzee akageuza mtumbwi upesi. Mbwa akasogea. Akasogea tena, na tena, hadi akajibana miguuni pa Eustaki. Mtumbwi ulikuwa umedidimia, maji yakilamba ukingo wake.