Nusu Chupa ya Petroli

Joto la kaskazi lilikuwa limeshaibana Majengo kabla ya saa tatu asubuhi, na Kenga, fundi wa pikipiki, alikuwa amevua shati. Ilikuwa Februari, mwaka wa tisini na nne. Taib aliingia gerejini akiisukuma pikipiki yake kuukuu tangu kwao Kuze, jasho limemlowesha. Kenga aliweka kiganja juu ya injini, kama alivyozoea, akakiondoa upesi. Chuma kilikuwa baridi kama barafu ya wauza samaki.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nyumbani. Imelala ukumbini," Taib alisema. Alikuwa tarishi wa ofisi moja ya mizigo kule Kilindini, kijana wa Mji wa Kale, mpole, asiyejua kupaza sauti. "Subuhi haiwaki, fundi. Napiga kiki mpaka mguu wafa ganzi. Ikishawaka, yaenda siku nzima, haina neno. Nikiilaza, kesho ni yale yale."

"Tangu lini?"

"Yapata wiki tatu."

Kenga hakubabaika. Miaka ishirini ya kazi ilimfunza kwamba pikipiki isiyowaka ikiwa baridi ina kasoro moja katika tatu: moto hautoshi, mafuta hayafiki, au pumzi inavuja. Alifungua plagi, akaigusisha kwenye injini, Taib akapiga kiki. Cheche ya buluu ikaruka. Moto upo. Akafungua kabureta, akazibua kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli wakati injini haijapata joto. Kilikuwa safi, na bakuli lilikuwa limejaa. Mafuta yapo. Lakini plagi ilikuwa kavu kabisa, kana kwamba injini ilifunga mdomo ikayakataa.

"Imebaki pumzi," alisema, akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba. "Piga."

Pumzi ya injini nzima hukisukuma kidole nje. Hii ilikivuta ndani. Kwanza alihisi ulimi, mkavu, ukikilamba taratibu. Kisha yakaja meno. Kenga alikanyaga injini kwa mguu, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake, na kidole kikatoka bila ukucha, nyama ya ncha ikining'inia, na damu iliyodondokea injini ikanywewa na chuma kabla haijafika chini.

Taib alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. "Fundi, hicho ni nini?"

"Nimekatwa na nyuzi za plagi," Kenga alisema, akikifunga kidole kwa kitambaa. "Iache ilale hapa. Kasoro ya baridi lazima nikaione ikiwa baridi. Njoo kesho."

Kesho yake alimkuta Taib keshafika. Gereji yote ilinuka nywele zilizoungua, na harufu ilitoka kwenye ekzosi ambayo haikuwa imepitisha moshi tangu juzi. Walitazamana. Taib akapanda, akavuta choki, akasema bismillahi, akakanyaga.

Kiki ilirudi. Pikipiki zote huweza kurudisha kiki, lakini hii haikurudi mara moja tu, ilipiga muundi wa Taib, ikashuka yenyewe, ikapanda ikapiga tena, ikashuka, ikapiga mara ya tatu pale pale, mpaka mfupa ulipotokeza mweupe kupitia suruali na Taib akaanguka mchangani, na hapo ndipo kutoka ndani ya ekzosi, chini chini, kama mtu anayesema akiwa ameuma blanketi, sauti ilisema, "Naungua."

Kenga alimburura Taib mbali, akamfunga mguu kwa mbao mbili. Alinong'ona, "Niambie kweli. Petroli ya tangi hili imewahi kufanya nini?"

Taib alilia kabla ya kujibu. "Kuna kijana, Masha. Walimshika karibu na uwanja wa Tononoka, wakisema kaiba redio. Nikawa napita. Mmoja yuwasema, tupe mafuta. N'kachomoa mpira, n'kawajazia nusu chupa. N'likuwa na haraka ya kwenda kazini. Na ile redio, fundi, mwenyewe aliipata jioni ile ile, chini ya kitanda chake."

Kenga aliikumbuka siku hiyo. Jumamosi ile, wiki tatu nyuma, wanaume wawili walikuwa wamekuja gerejini kuomba tairi bovu. Hakuinua hata macho. "Chukueni," alisema, spana ikiwa mkononi. Baadaye aliuona moshi juu ya mapaa.

"Usinipeleke hospitali kwanza," Taib alisema. "Niitie Mwalimu Abdulghafur."

Mwalimu alikuwa amemsomesha Taib Kurani chuoni utotoni. Alikuja kabla ya adhuhuri, mzee mwembamba, akaketi mchangani, akaweka mkono kwenye paji la uso la Taib, akaanza kusoma. Aya ya tatu haikwisha. Taib alijikunja kama ngozi iliyotupwa motoni, akapiga kichwa chini mpaka nyusi zikapasuka, na mguu uliovunjika ukakanyaga na kukanyaga huku mfupa ukisaga mbao, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake.

"Nilizaliwa na Masha. Nilinyonya naye. Yeye kaenda, mimi nimeachwa ndani ya moto wenu."

"Wewe ni karini wake," Mwalimu alisema polepole. "Kila mwanadamu huzaliwa na jini wake. Umekaa humu kufanya nini?"

"Hapa pana baridi. Kila mkiwasha, mwaniwasha."

"Wataka nini utoke?"

"Waliotia mkono wamwambie mama yetu. Kwa vinywa vyao."

Mwalimu alimfuta Taib damu usoni. "Huyu hatolewi kwa kombe la kunywa wala ubani wa kufukiza," alimwambia Kenga. "Anadai haki. Nyumba ya yule mama waijua?"

Kenga aliijua. Ilikuwa vichochoro viwili kutoka gerejini. Walimlaza Taib kwenye mkokoteni, Kenga akausukuma mwenyewe.

Nyevu, mama yake Masha, alikuwa anafua nguo nje ya mlango wa nyumba yake ya udongo. Alisimama, mikono ikidondoka maji, akamsikiliza Taib kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza.

"Alisema lolote?" aliuliza.

"Alikuwa yuwakuita wewe, mama. Nilimsikia nikirudisha mpira wa tangi."

Nyevu alijifuta mikono kwenye leso yake. "Sijakusamehe," alisema. "Lakini nimesikia."

Taib alishusha pumzi ndefu, na rangi ikamrudia usoni. Nyevu akamgeukia Kenga. "Na wewe, baba, ulikuwepo?"

Mwalimu naye alimtazama.

"Mimi ni fundi tu, mama," Kenga alisema.

Watu walimpeleka Taib hospitali. Kenga alirudi gerejini peke yake, jua la saa nane likimchoma utosini, akaishika pikipiki aitoe nje. Chuma kilikuwa na joto la kawaida. Alikuwa anaanza kucheka kwa faraja alipoiona kiki ikishuka yenyewe, taratibu, bila mguu juu yake, na injini ikakohoa mara moja kupitia kabureta, na ulimi wa moto ukatoka ukamlamba kifuani.

Majirani walikuja na mchanga, na magunia, na maji. Maji yalimpita kama yamemwagwa juu ya kivuli. Alikimbia, ngozi ya mikono ikimvuka kama soksi, akigonga kuta za vichochoro, akiacha alama nyeusi kila alipogusa, watu wakimkwepa na kumwita Mungu, naye alijua anakwenda wapi, na alipofika alipiga magoti mbele ya Nyevu aliyekuwa ameshika ndoo yake ya kusuuzia.

"Tairi lilikuwa langu. Niliwapa mimi."

Nyevu alimtazama akiungua.

"Sema tena," alisema. "Sikusikia vizuri."

"Tairi la Masha lilitoka kwangu, mama. Niliwaambia wachukue. Sikuuliza la nini."

Ndipo akammwagia. Ndoo moja, maji ya sabuni, na moto wote ukafa.

Kenga hakufa. Alilazwa miezi minne, akatoka na vidole vitatu, na gereji hakuifungua tena.

Asubuhi baada ya moto ule, jua lilipokuwa likichomoza, Nyevu alifungua mlango wake akakuta wanaume wanne wamesimama nje. Hakuna aliyekuwa amewaita. Mmoja alikuwa anashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na kutoka ndani ya mkono wa shati moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Wawili walikuwa wale walioomba tairi.

Nyevu aliwatazama mmoja mmoja, usoni. Kisha akarudi ndani kujaza ndoo.