Jeki Chini ya Sakafu

Kila Jumamosi, Pilipili alifagia gereji ya baba yake kabla kaka yake hajaanza kazi. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya hasira zake za karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu kuliko kawaida.

Katikati ya gereji lilisimama gari la zamani la mkunga mstaafu, aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilisubiri kubadilishwa breki.

"Kaka, leo niache mimi niliinue," Pilipili aliomba.

"Wewe kazi yako ufagio," kaka alimjibu, akaenda zake dukani kununua grisi huku akicheka.

Damu ilimchemka. Ufagio! Aliutupa pembeni, akaburuta jeki na kuisukuma chini ya mlango wa gari, pale pale alipowaona mafundi wa matairi wakiinulia magari mapya. Akapiga mpini. Gari likanyanyuka kidogo, kisha pakasikika kruu! Sakafu ya gari ilikuwa imebonyea. Alilishusha mbiombio, akairudisha jeki mahali pake, akaushika tena ufagio.

Baba alifika, akainama, akaona. Kaka aliporudi na kopo lake la grisi, hakupewa hata nafasi ya kuliweka chini.

"Mara ngapi nimekwambia gari hili haliinuliwi hapo? Vua ovaroli! Usikanyage tena humu!"

"Baba, haki ya Mungu sijaligusa!"

"Na uongo juu!"

Kaka alianza kufungua vifungo. Pilipili alijiambia kaka amekoma, si alimcheka? Lakini furaha haikuja. Hasira ilimgeukia yeye mwenyewe, na ilikuwa chungu kuliko ile ya kwanza.

"Ni mimi, Baba. Nilitaka kumkomesha."

Baba alimgeukia. "Uliingia chini yake?"

"Bado."

"Bado! Bado, anasema!" Alimfokea mpaka majirani wakachungulia. Kisha akamshika kaka begani. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu bila kukuuliza."

Mkunga alipokuja, Pilipili alimweleza mwenyewe. Mama huyo naye hakuficha hasira zake. "Mume wangu hakulikwaruza hata siku moja! Linyoosheni, na wewe binti ushike taa mpaka kazi iishe."

Aliishika mpaka mkono ukafa ganzi. Bati liliponyooka, baba alimwita karibu.

"Magari mengi ya siku hizi yana sehemu ngumu ukingoni. Hili limebebwa na chesisi, fremu ya chuma iliyo chini yake. Sakafu yake ni bati tu."

Alikaza breki ya mkono, akazuia magurudumu kwa mawe, akaweka kipande cha mbao juu ya jeki na kuielekeza kwenye chuma kinene cha chesisi, mbali na springi. Akainua polepole, akaweka stendi imara, akalitikisa gari kidogo kuhakikisha limetulia. Hapo tu ndipo kaka alipoanza kufungua gurudumu.

"Bati nimeligonga, limenyooka," baba alisema, sauti bado kali. "Mtu akiangukiwa na gari, hakuna nyundo ya kumnyoosha. Ukiwa na hasira, usiguse jeki. Na ukikosea, sema kabla mwenzako hajavuliwa ovaroli."