Siku Saba za Rukiyo

Rukiyo alikamua mbuzi, akapika chai, lakini hakuinywa. Binti yake Ebla alikuwa ndani ya kibanda cha mikeka, uchungu umemshika tangu alfajiri.

Ilikuwa mwaka 1952, huko Griftu, kaskazini mwa Kenya. Mwaka uliotangulia, Rukiyo mwenyewe alimzalisha Ebla. Mtoto alinyonya siku sita. Siku ya saba taya zikakazana, mwili ukapinda, akafa. Majirani walisema ni shetani. Rukiyo naye alisema hivyo, ila usingizi ulimkataa.

Sasa alikuwa akinoa kisu chake, kile cha kukatia ngozi, kamba na vitovu.

Jatani, dresa aliyetibu wagonjwa zahanati, akapiga hodi. Ebla ndiye aliyemwita.

"Salaam aleikum, mama."

"Wa aleikum salaam. Umefuata nini kwenye shughuli ya wanawake?"

"Siingii. Nitakaa hapa nje. Mama, usikate kitovu kwa kisu hicho."

"Nimezalisha tangu wewe hujaota meno!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ukibadilika wewe, Griftu yote itabadilika." Kisha akaeleza. "Udongo na mavi ya mifugo yana vijidudu visivyoonekana. Huingia kwa kisu kichafu, na kwa lile jivu la samadi mnalopaka kitovuni. Ndivyo vinavyokaza taya."

Rukiyo akaketi chini. "Basi mimi ndiye niliyemuua mjukuu wangu?"

Jatani akachuchumaa karibu naye.

"Mama, hata mimi nilifundishwa kuosha wembe kwa maji ya moto, basi. Mwezi uliopita niliitwa Wajir, nikaambiwa haitoshi. Wembe mpya na uzi vichemke dakika ishirini. Niliona aibu. Lakini aibu haiui mtoto. Ukaidi ndio unaoua."

"Hooyo!" Ebla akalia ndani. Mama!

"Wembe uko wapi?" Rukiyo akauliza.

Jatani akatoa mfukoni wembe mpya na uzi, vikachemshwa dakika ishirini. Rukiyo akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Akazaliwa mtoto wa kike, Rukiyo akamkata kitovu kwa wembe huo. Jirani yao Anab akaleta jivu.

"Kitovu kiko wazi! Umesahau dawa?"

"Kiache kikauke," Rukiyo akasema, akalisukuma jivu kando.

Kila alfajiri alimtazama mtoto mdomoni. Siku ya saba Rukiyo hakula kitu. Mtoto akalia kwa nguvu, akanyonya. Kitovu kilikuwa kimeanguka, kikavu. Hata hivyo, Rukiyo aliendelea kuhesabu mpaka wiki mbili zikaisha.

Mwezi uliofuata Anab alikuja mbio.

"Rukiyo, njoo! Mkwe wangu ana uchungu!"

"Maji yanachemka?"

"Bado."

"Basi rudi ukawashe moto. Nachukua sabuni, nakuja."