Tunaye Hapa Ntinda

Kaa chini kwanza. Simu weka pembeni, unisikize, na usicheke, kwa sababu hii kitu inanichoma roho mpaka leo.

Pale mtaa wa Ntinda, juu ya duka la magodoro, kuna ofisi ya kutafutia watu mayaya na wapishi. Mwenyewe ni Sifuna, Mkenya mmoja wa mdomo mingi. Msichana wake wa kompyuta, Nelima, ndiye alikuwa anaendesha matangazo, yale yanakutokea juu ukitafuta kitu mtandaoni. Hiyo tangazo ilikuwa na shimo katikati: "Unatafuta hivi? Tunaye hapa Ntinda." Hapo kwa "hivi" ndio shimo. Unaweka maneno yako kwenye mfumo, mtu akitafuta yaya, neno yaya linaruka lenyewe linaingia shimoni. Akitafuta mpishi, linaingia mpishi. Mtu anaona kama wamemwandikia yeye peke yake, anabonyeza.

Sifuna akaona haitoshi. Akaokota majina ya watu waliopotea, yale yanabandikwa kwenye nguzo za stima, akayajaza kwenye mfumo kimyakimya. Si ndugu zao wanayatafuta kila saa? Mjinga yule! Mshenzi kabisa!

Kitu cha kwanza ilikuwa benchi. Kule chumba cha nyuma, wasichana wanapongojea kazi, mwisho wa benchi pakaanza kulowa. Wanapangusa, panalowa. Panatoa harufu ya tope, kama kisima kimefunikwa miaka. Halafu wakasikia mtu anafagia mle ndani, na ndani hakuna mtu. Wasichana wakakataa kuingia. Nelima akafunga mlango na ufunguo, akamwita Bi Mwanawetu wa mtaa wa Mengo, mama wa Kiislamu anayesomea nyumba zenye majini.

Bi Mwanawetu alikuwa anafukiza ubani mlangoni, mchana kweupe, mama mmoja akapanda ngazi anahema. Anaitwa Anena, ametoka Gulu na basi. Akanyoosha simu yake.

"Nimeona hapa. Mko na mtoto wangu aliyepotea."

Nelima akasoma. *Unatafuta Akwero? Tunaye hapa Ntinda.* Akamgeukia Sifuna pale mezani kwake.

"Boss, hii ni nini?"

"Kubonyezwa ni kubonyezwa tu, Nelima. Mama, karibu, unahitaji yaya?"

"Yaya gani!" Nelima akawaka. "Umeweka mtoto wa mtu kwenye tangazo? Wewe una moyo ama una jiwe?"

"Punguza sauti, mteja anasikia."

Hapo ndio sauti ikatoka nyuma ya mlango uliofungwa. Ndogo, imelowa.

"Mama."

Sifuna akashuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki. Anena akarukia mlango, akaupiga na viganja. "Akwero! Mwanangu! Ni wewe? Unakumbuka nyumba yetu ya Gulu?"

"Nakumbuka nyumba yetu ya Gulu, mama."

"Na ile mbuzi yako nyeupe?"

"Mbuzi yangu nyeupe, mama. Fungua."

Bi Mwanawetu akamshika bega, akanong'ona, "Dada, hiyo inakurudishia maneno yako tu. Muulize mdogo wake anaitwa nani, na wewe usimtaje."

Anena akauliza. Badala ya jina, kufagia kukaanza tena, polepole, kukaja mpaka mlangoni kukasimama, na maji ya tope yakatoka chini ya mlango yakamzunguka Anena miguu, na harufu ikajaa mpaka Nelima akafunika pua, na ile sauti, sasa iko chini kabisa karibu na sakafu kama mtu amelala na mdomo kwenye upenyo, ikasema tu, "Mama. Fungua. Mama. Fungua."

"Ni jini," Bi Mwanawetu akasema. "Mmetangaza mnaye, amekuja awe yeye. Akifunguliwa atamfuata huyu mama nyumbani, atalala kati ya watoto wake. Nelima, toa hilo jina kwenye mashine yako, nami nisome. Sasa hivi!"

Nelima akakimbilia kompyuta. Akalipata jina, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mkono wa Anena ukamkamata, baridi, umelowa tope.

"Usibonyeze, binti yangu. Nakuomba."

"Mama Anena, huyo si Akwero!"

"Najua!" Anena akapiga kelele, machozi yanashuka. "Unafikiri sijui? Lakini polisi wamenifukuza, bosi wako amenichezea, mji wote hakuna anayeniita mama. Huyu ananiita. Wacha nimpeleke nyumbani."

Nyuma yao kitasa kikaanza kuzunguka chenyewe. Bi Mwanawetu anasoma kwa nguvu, anapiga kelele, "Bonyeza!" Anena amepiga magoti, ameshika ule mkono wa Nelima na mikono yake yote miwili.

Sasa niambie, wewe ungekuwa Nelima, hicho kidole ungekishusha?