Sauti ya Shaima Darasani

Jumatatu ya wiki ya nne Shaima alichelewa darasani dakika sita, kwa sababu mtoto alitapika na bomba la uani lilikuwa halitoi maji. Alipojiunga, Mwalimu Noa alikuwa amekwisha kuita majina. Shaima akaandika ujumbe kwa vidole vilivyolowa, akaomba radhi kwamba hakuwepo wakati wa kuitwa. Mwalimu akamjibu kwa upole kuwa ameitwa na ameitika, tena leo amesikika vizuri kuliko siku zote.

Shaima akadhani mwalimu amemchanganya na mwingine. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Chuo kiliwaruhusu wafunge kamera ili bando zao zisiishe upesi, kwa hiyo kila mmoja wao alikuwa jina na sauti, basi. Lakini moyoni alikereka. Wiki tatu nzima alikuwa akipigana na koo lake litoe sauti, na siku iliposikika, yeye alikuwa akifuta matapishi.

Alikuwa ameolewa Nguvumali, katika nyumba ya ukoo wa mumewe Luay, ambaye alikaa Mwera kusimamia minazi na kurudi kila Ijumaa. Kozi ilikuwa ya cheti, serikali za mitaa na siasa, wiki sita kwa njia ya simu. Mwenye cheti hicho angeweza kuomba kazi ya utendaji wa mtaa, na Shaima aliitamani kazi hiyo mpaka akaiota. Luay alikubali kwa shingo upande: kozi moja, mara moja. Akianguka, asilitaje tena neno kazi ndani ya nyumba hiyo.

Haikuwa akili iliyompungukia. Ilikuwa haya. Tangu utotoni daima kulikuwa na mtu wa kumsemea: dukani mama, shuleni dada yake, na hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama ameridhia, alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa ndiyo. Sasa alitaka, japo mara moja, aseme mwenyewe na asikilizwe.

Tabu ya kwanza ilikuwa mtandao. Nyumba ile ilikuwa na kuta nene za mawe, na simu ilishika mahali pamoja tu, chumba cha nyuma alichofia bibi yake Luay. Humo mlikuwa na kigoda cha mninga kilichofunikwa kitambaa chekundu, ambacho bibi hakumruhusu mtu akikalie, kwani kilikuwa cha mgeni wake. Kila Alhamisi alimfukizia mgeni huyo udi na kumnyunyizia mawardi. Tangu bibi afariki, mkwewe Shaima, Bi Shemsa, alikifunga chumba na kuacha mambo hayo yafe yenyewe.

Bi Shemsa alitoa ufunguo kwa sharti moja, kigoda kisiguswe. Na kwa ukaidi ambao mitandao pekee inao, mawimbi yalikuja juu ya kigoda hichohicho, si kulia wala kushoto. Siku mbili Shaima aliinyanyua simu kwa mkono mmoja na kumpakata binti yake Bayan kwa mkono wa pili, mpaka bega likafa ganzi. Siku ya tatu aliiweka simu juu ya kitambaa chekundu, akasema Mungu atamsamehe.

Katika wiki ya tatu Mwalimu Noa alimtaka aeleze tofauti ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Shaima alilijua jibu kama anavyolijua jina la mwanawe. Akafungua kipaza sauti. Ulimi ukagoma. Watu thelathini walimsubiri, akawa anasikia pumzi zake mwenyewe zikirudi masikioni, kisha mwalimu akasema haya, tuendelee, akamwita Yudith wa Muheza. Darasa lilipokwisha Shaima alilia kwa hasira, jua likiwa kali juu ya bati, akaiambia ile simu pale juu ya kigoda, "Laiti angetokea mtu akanisemea."

Hakuna kilichotikisika. Chumba kilinukia udi tu, na chetezo hakikuwa na moto tangu mwaka juzi.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuitikiwa, kwanza Jumatatu ile ya matapishi.

Jumatano mtandao ulikatika kabla ya darasa na haukurudi mpaka saa kumi. Jioni Yudith, ambaye kwa ushirika wa masomo walikuwa wamepeana namba, alimpigia kumsifu. Alisema siku zote alidhani Shaima ni mtoto mdogo, kumbe ana sauti nzito namna ile, tamu, ya mama mtu mzima, na jinsi alivyoeleza kazi za diwani hata mwalimu alinyamaza. Shaima alimwambia hakuwepo darasani. Yudith akacheka, akasema, "Wewe nawe, ukisifiwa unajificha."

Shaima akamwandikia mwalimu. Mwalimu akajibu kwamba unyenyekevu ni jambo jema, ila ajifunze kupokea pongezi. Shaima akafungua ukurasa wake wa chuo, akakuta majaribio mawili ambayo hajayagusa yamejibiwa, la kwanza alama tisini na sita, la pili mia. Alikaa sakafuni akiyasoma majibu hayo. Yalikuwa mazuri. Yalikuwa yale ambayo yeye mwenyewe angeyaandika kama angepewa nafasi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kuporwa hata kosa lake.

Ijumaa alijitia moyo, akaingia mapema na kuitika alipoitwa. Mwalimu akasema, "Shaima, mbona unaitika mara mbili?" Akajaribu kueleza, kipaza sauti kikajifunga. Akakifungua, kikajifunga. Nyuma ya shingo yake akasikia bangili zikigongana taratibu, kama za mtu anayejitengeneza kabla ya kusema, na harufu ya mawardi ikamjaa puani, na chini yake harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Akambeba Bayan, akatoka mbio bila viatu.

Bi Shemsa alipoambiwa, kwanza alikuwa mkali. Alisema haya ndiyo matunda ya kutaka uofisi, kwamba mke wa mtu akianza kujifunza siasa hata masikio yake hupiga porojo. Shaima hakubishana. Jumatatu iliyofuata aliiacha simu ndani ya kile chumba ikiwa imezimwa, akajikalisha uani karibu na mkwewe, wakawa wanachambua mchele. Ilipofika saa nane Bi Shemsa aliuliza, bila kuinua macho, "Unazungumza na nani huko ndani?"

Kisha akainua macho, akamwona Shaima mbele yake, na ungo wa mchele ukamtoka mkononi.

Walikwenda wameshikana, mama mkwe mbele na mkwe nyuma, au pengine kinyume chake, kwa maana baadaye kila mmoja alikumbuka ni mwenzake aliyetangulia, na kadiri walivyokaribia ndivyo ile sauti ilivyozidi kuwa wazi, nzito, tamu, isiyo na haraka, ikieleza kwamba mwenyekiti huchaguliwa na wakazi na mtendaji huajiriwa na halmashauri, na kwamba mkutano wa mtaa ni haki ya kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane, na hapo sauti ikacheka kidogo, kana kwamba umri huo ni jambo la kuchekesha, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na wakaona kitambaa chekundu kimebonyea katikati kama kilichokaliwa na mtu mnene, na juu yake, hewani, simu ya Shaima imesimama wima bila mkono wa kuishika, inawaka, imeelekezwa mahali ambapo mdomo ungekuwa.

Bi Shemsa hakupiga kelele. Aliuvuta mlango polepole ukafunga, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

"Ni mgeni wa mama," alinong'ona. "Mwanangu, ulimwambia nini?"

Shaima akamweleza maneno aliyoiambia simu siku ile.

Siku hiyohiyo baada ya alasiri aliletwa Shekhe Abdulghani kutoka Tongoni, mzee mfupi mwenye kikohozi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaapisha majini. Huko pwani wataalamu wa kumpiga jini ni wengi, yeye hakuwapiga. Alifanya nao mkataba. Jini akila kiapo cha kutoka mahali, hawezi kupakanyaga tena, ila ni lazima mahali hapo pawe pametajwa kwa jina. Kisichotajwa hakimo. Shaima alimwamkia shikamoo, mzee akaitika na kumtaka aketi mlangoni na mtoto, asiseme neno.

Ubani ulipofuka, shekhe alisoma kwa muda mrefu, kisha akauliza nani aliye juu ya kigoda. Simu ilikuwa imezimwa. Sauti ilitoka palepale.

"Mie ndiye mwenyeji hapa. Miaka miwili sijapewa hata kijiti cha udi. Huyu mtoto akaniomba."

"Alikuomba nini?"

"Nimsemee. Nimesema. Amewahi kupata mia, huyo?"

Shaima alihisi damu ikimpanda usoni, na ilikuwa hasira kabla ya kuwa hofu. Shekhe alimzuia kwa mkono. Akamwambia jini kwamba aliyeomba hakujua anamwomba nani, na ombi la asiyejua ni batili. Kisha akaanza kiapo. Akataja chumba kile. Akataja ukumbi, jiko, ua, kisima na paa. Akataja mwili wa Shaima, kichwa chake na tumbo lake, akamtaja Bayan, akamtaja Luay na minazi yake ya Mwera, akamtaja Bi Shemsa na kizazi chake. Kila alipotaja, jini aliitika, "Naapa." Aliitika upesi, bila kudai kuku, kitambaa wala kikombe cha kahawa.

Bi Shemsa alitaka simu nayo itiwe ndani ya kombe, ioshwe kwa maji ya zafarani yenye aya. Shekhe alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema kifaa ni kifaa, hakina roho, wasimharibie binti wa watu masomo yake. Hata hivyo alipokuwa akivaa makubadhi alisita kizingitini. Alisema ameapisha majini miaka thelathini na hajaona aliyekubali kwa wepesi namna ile.

Kigoda kilikwenda kuzikwa. Chumba kilifagiliwa. Siku nane nyumba ilinukia vitunguu na sabuni, bangili hazikusikika, na Bayan alilala usingizi wa mtoto mwenye afya. Bi Shemsa, kwa aibu ya maneno yake ya mwanzo, alimchukua mtoto kila mchana ili Shaima asome. Shaima alisoma. Alijisemesha mbele ya ukuta mpaka ukuta ukamchoka. Chuo kilikuwa kimefunga kwa maandalizi ya mtihani wa mwisho, mtihani wa mdomo, ambao bila huo hakuna cheti, na aliyeukosa haruhusiwi kurudia.

Jumanne ya mtihani aliitwa wa tisa. Aliulizwa tofauti ileile ya mwenyekiti na mtendaji, kisha akaulizwa mkazi afanye nini kiongozi wake asipoitisha mkutano. Akajibu. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa, na mara akajisikia anasema, yeye, kwa mdomo wake, na watu wananyamaza kumsikiliza. Alipomaliza, machozi yalikuwa yanamlenga.



"Dada," Mwalimu Noa akasema, "wewe ni nani?"

"Ni mimi, Shaima binti Badr."

"Shaima tunamjua sote. Tumeizoea sauti yake. Chuo hakiruhusu mtu kumfanyia mwenzake mtihani, na nashangaa amekubali kukutuma."

Shaima akawasha kamera. Akanyanyua kitambulisho. Lakini ni nani kati yao aliyewahi kuiona sura yake? Akaanza kueleza, akasikia maneno yake yanavyosikika, kigoda, bibi, shekhe, akanyamaza. Na hapo katika orodha ya waliohudhuria, chini ya jina lake, likajitokeza jina lake tena.

"Samahani, mwalimu," ilisema ile sauti nzito, tamu. "Mtandao ulinisumbua. Naona kuna mtu amejikalia mahali pangu."

Wanafunzi kadhaa wakacheka chinichini. Mwalimu naye alisikika kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kioo cha simu ya Shaima kikaandika kwamba ameondolewa darasani.

Alijaribu kurudi mara kumi na moja. Nywila yake haikukubaliwa. Mwisho akampigia Yudith, akamsihi, akamtajia mambo yao, somo la kwanza, mtoto mgonjwa, siku ulimi ulipomgomea. Yudith alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mtu aliye na woga, "Sijui umeipataje namba yangu, dada. Shaima anajibu sasa hivi. Tafadhali usinipigie tena."

Shaima aliiweka simu sakafuni. Chumba kilikuwa safi. Hapakuwa na udi, wala bangili, wala kivuli penye ukuta. Shekhe alikuwa ametaja nyumba yote, jiwe kwa jiwe, ila si simu wala darasa, na jini alikuwa ametimiza kiapo chake chote.

Bi Shemsa alikuja na Bayan begani, akasimama nje ya kizingiti kwa mazoea, akauliza kwa matumaini, "Eeh, mwanangu? Kumekuwaje?"

Shaima akaitazama simu pale sakafuni.

"Shaima amefaulu, mama," akasema.

Bi Shemsa akapiga kigelegele kirefu, na majirani wakakipokea.