Roboti Kutu na Kaseti ya Rentaro

Kila asubuhi, saa moja na robo, watoto watano wa mtaa wa juu walikutana mbele ya kibanda cha zimamoto, wakajipanga mstari mmoja na kushuka shuleni. Mbele alitangulia Kanae wa darasa la sita, ameshika kibendera cha njano. Nyuma yake alikuwa mdogo wake, ambaye pua yake haikukauka tangu Novemba. Kisha Rentaro, kisha Misuzu, na mwisho Daigo, kwa sababu Daigo hakuwahi kufika mapema hata siku moja.

Mwaka ule theluji ilifika kwenye madirisha. Njia ilikuwa kama ukumbi mwembamba wenye kuta nyeupe, na mtoto aliyefuata aliona begi la mwenzake tu. Walizungumza kwa kupaza sauti bila kugeuka, na mazungumzo yao msimu ule yalikuwa ya kitu kimoja: gemu ya Rentaro.

Gemu hiyo iliitwa Ulingo wa Zohali. Wapiganaji wanane wa mwaka elfu tatu hupigana juu ya pete za sayari ya Zohali. Yuko binti wa Mirihi mwenye mjeledi wa barafu, yuko pweza mwenye bunduki nane, na yuko Kutu, roboti mkongwe, mzito, anayedondosha skrubu kila akipiga hatua. Hakuna mtoto aliyemchagua Kutu. Aliyemchagua alikuwa baba yake Rentaro.

Katika mtaa ule, mpunga ukishavunwa, wanaume wengi hupanda treni kwenda Tokyo kufanya vibarua vya ujenzi, na hurudi Aprili theluji inapoyeyuka. Baba yake Misuzu alibaki, kwa kuwa aliajiriwa kusafisha reli. Baba yake Rentaro aliondoka. Mchana wa kuondoka, begi likiwa tayari mlangoni, aliketi na mwanawe, akamchukua Kutu, akawaangusha wapinzani wote saba kwa dakika kumi na moja na sekunde sita. Jina lake likakaa juu kabisa kwenye orodha ya washindi, ndani ya kumbukumbu ya kaseti ya gemu hiyo.

"Rekodi hiyo nitaivunja kabla hujarudi," Rentaro alimwambia. "Na Kutu huyo huyo."

"Jaribu," baba akasema, akafunga kamba za viatu.

Kaseti ilizunguka. Rentaro hakuwa mchoyo. Kila Jumamosi, shule ikifungwa saa sita, kaseti ilihama mkono: wiki hii kwa Rentaro, wiki ijayo kwa Kanae, kisha Misuzu, kisha Daigo. Mgongoni ilikuwa na jina la Rentaro kwa wino mweusi, lililoandikwa na mama yake, kama alivyoandika kwenye mabuti, mwavuli na hata rula.

Jumamosi ya zamu yake, Misuzu aliiweka kaseti ndani ya glavu ya sufu, akaitia mfukoni mwa begi. Karibu na nyumbani kulikuwa na mfereji wa maji yaendayo kasi, ambamo watu humwaga theluji waliyoifagia milangoni. Mtu alikuwa ameuacha wazi. Mguu wa Misuzu ukateleza, akaingia mpaka gotini, na begi likazama pamoja naye.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mama alikuwa kiwandani kushona, na bibi yake, Bibi Yone, alikwenda kupeleka kabichi kwa jirani. Misuzu alifanya kama wafanyavyo watu wote wa huko. Alivua soksi na glavu, akainua blanketi la meza ya joto, ile meza fupi yenye hita chini yake ambayo familia nzima hutia miguu wakati wa baridi, akavipanga humo vikauke. Kaseti akaiegemeza karibu na wavu wa hita. Soksi zilikauka humo kila siku. Kwa nini kaseti isikauke?

Akala wali uliobaki, akafanya hesabu za kugawanya, akasinzia. Alipoikumbuka, soksi zilikuwa ngumu kama mkate mkavu. Kaseti ilikuwa ya moto, ubavu umepinda kidogo, na karatasi yake yenye picha ya wapiganaji imechanika pembeni.

Aliisubiri ipoe, akaichomeka kwenye mashine ya gemu. Muziki ukapiga. Zohali ikazunguka kama kawaida. Akafungua orodha ya washindi. Mistari minane, na kila mstari una vistari tu, hakuna jina.

Misuzu hakulia. Alikaa akitazama vistari vile, na alichosikia ni mlio wa jokofu jikoni. Kisha akaizima, akaitia kaseti kwenye droo chini ya karatasi za sanaa. Wiki nzima hakuigusa. Rentaro alipomuuliza njiani, "Umefikia wapi?" alijibu, "Kwa pweza," na kweli zamu iliyopita aliishia kwa pweza.

Jumamosi iliyofuata alimkabidhi Daigo. Daigo aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibu mpenzi," na yule mdogo wa Kanae akacheka mpaka akakohoa.

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, Daigo alifika kibandani mapema.

"Jamani," alisema, "mbona majina hayapo?"

Rentaro aligeuka. "Majina gani?"

"Yote. Nimewasha tu, nikakuta vistari."

"Umefanya nini, Daigo?"

"Sijafanya kitu. Nimewasha tu, nakwambia."

"Hata kipimajoto cha darasa ulikigusa tu, kikavunjika."

"Kile kilianguka chenyewe," Daigo akasema, akingoja watu wacheke. Hawakucheka.

Kanae, kwa kuwa ndiye mkubwa, alimgeukia Misuzu. "Kwako majina yalikuwepo?"

Pumzi zao watano zilikuwa zikipanda juu kama mvuke wa birika. Misuzu aliona uso wa Rentaro, na nyuma yake kibanda chekundu, na akasikia sauti yake mwenyewe kama inatoka kwa mtu wa mstari mwingine.

"Yalikuwepo," alisema.

Rentaro akaichukua kaseti yake, na tangu siku ile Daigo alitembea hatua kumi nyuma yao. Hakuna aliyemwamuru, mstari wenyewe ulimwacha. Siku ya pili alijaribu utani, akaigiza mwendo wa Kutu, akidondosha matonge ya theluji kama skrubu. Siku ya tatu aliacha. Ijumaa alifika shuleni na theluji kolani, mgongoni, mpaka ndani ya begi, akamwambia mwalimu kuwa amejikwaa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Daigo kupakua mchuzi wa chakula cha mchana. Alisimama na aproni yake nyeupe na upawa mkononi. Rentaro alipita na bakuli lake, akaenda kwenye sufuria la pili. Wengine wawili wakamfuata. Misuzu alinyoosha bakuli lake, kwa sababu ndiko miguu ilikomfikisha.

Daigo akamtazama. "Wewe angalau unakula kwangu," akasema polepole, akamtilia nyama vipande viwili badala ya kimoja.

Misuzu alikula vyote viwili. Havikuwa na ladha ya nyama wala ya chumvi. Ilikuwa hivyo kwa siku kadhaa sasa: chai ilikuwa moto tu, wali ulikuwa laini tu. Hakusikia vibaya. Hakusikia kitu.

Jioni ile aliporudi alimkuta Bibi Yone ameinua blanketi la meza ya joto kulikung'uta. Bibi alikuwa mtu wa kufagia pembe ambazo wengine hawajui kama zipo. Sasa alikuwa amekaa chini na sahani ya figili zilizokaushwa kwa moshi, na kando ya sahani ameweka kipande cha karatasi chenye picha ya mguu, kidogo kama ukucha wa dole gumba.

"Hiki kilinata kwenye wavu wa hita," alisema. "Nimekibandua kwa kisu. Mguu wa nani huu?"

Misuzu alitazama. "Wa Kutu."

"Huyu Kutu ni wa hapa kwetu?"

"Wa Rentaro."

Bibi akakata figili, kipande chembamba, kisha kingine. Alisukuma sahani mbele. Misuzu akatafuna.

"Tamu?"

"Sijui, Bibi."

"Hujui tamu, au hujui kusema?"

"Siku hizi sisikii kitu."

Hapo Bibi Yone akaweka kisu chini. "Nilipokuwa na miaka kama yako tulikwenda shule na viatu vya majani ya mpunga. Siku moja njiani vidole viliniuma, viliniuma, halafu vikaacha. Nikafurahi. Nikamwambia mama, leo miguu yangu haina baridi. Mama aliviona vyeupe kama nta, akatupa mwiko. Akaitia miguu yangu kwenye maji ya uvuguvugu. Eh, mjukuu wangu. Nililia mpaka jirani akaja. Mama akasema, lia, sasa najua ni miguu ya mwanangu."

Misuzu alikiweka kile kipande cha karatasi kiganjani. Kisha akaeleza: mfereji, soksi, vistari, kibanda cha zimamoto, na lile neno moja. Hata nyama mbili alizieleza.

"Kesho Jumamosi tutanunua biskuti za mchele za kuombea radhi pale stesheni," Bibi alisema. "Sanduku utabeba wewe, na maneno utayasema wewe. Mimi nitainamisha kichwa tu. Tunaanza kwa nani?"

"Kwa Rentaro. Kaseti ni yake."

"Kaseti ni ya Rentaro. Na mzigo wako ameubeba nani?"

Basi walinunua masanduku mawili, wakaanza kwa Daigo.

Daigo alifungua mlango mwenyewe, chungwa shavuni. Misuzu aliinama mpaka nywele zikagusa sanduku, akasema yote akitazama mabuti yaliyopangwa mlangoni. Nyuma yake Bibi Yone alikuwa ameinama pia.

"Nilikupa nyama mbili," Daigo alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nirudishie."

Misuzu alinyanyua kichwa. Daigo hakuwa akitabasamu. Alimeza chungwa lake.

"Utasema kwenye mstari Jumatatu? Mbele ya Kanae?"

"Nitasema."

"Kwa sauti. Siyo ile sauti yako ya mbu."

"Kwa sauti."

"Haya." Alipokea sanduku, akalinusa. "Za mwani au za soya?"

Kwa Rentaro ilikuwa vigumu zaidi. Mama yake aliwakaribisha ndani, Misuzu akasema yote tena, na mama akasema kitu kimeharibika kwa bahati mbaya, yasiwe makubwa. Rentaro aliitazama kaseti iliyopinda, akaigeuza upande wenye jina lake.

"Nilikuwa nimebakiza sekunde tisa kumfikia Baba," alisema.

Hapo ndipo Misuzu aliposikia. Ilianzia kooni, ikashuka kifuani kama maji ya moto yanayomwagika, na machozi yakatoka yenyewe, ya aibu, pamoja na kamasi. Alitamani Bibi amsemee. Bibi alibaki ameinamisha kichwa.

"Nilipoulizwa niliogopa," Misuzu alisema. "Kisha ikawa rahisi. Samahani, Rentaro."

Rentaro alikuna kucha yake. "Mimi nilimsukuma Daigo kwenye theluji," alisema, akimwangalia mama yake. "Nikamjaza na kwenye begi."

Mama yake hakupandisha sauti. "Vaa koti," alisema tu. Naye pia akaanza kutafuta kitu cha kufunga kwenye karatasi, cha kumpelekea Daigo.

Jumapili baba yake Rentaro alipiga simu kutoka Tokyo, kama kila Jumapili. Rentaro alimweleza. Baba akauliza kama huyo msichana amekuja kusema mwenyewe. Kisha akasema, "Kumi na moja na sita ninayo kichwani, na wewe unayo. Iandike. Nikirudi nitaivunja mwenyewe, uone."

Jumatatu, mbele ya kibanda cha zimamoto, Misuzu alisema kwa sauti. Mdogo wa Kanae alisahau hata kufuta pua. Kanae alifikiri, akamwambia kwa wiki ile atembee mwisho, na Daigo apande nafasi yake. Misuzu akaenda mwisho. Baridi ilimuuma masikio, akaisikia.

Kaseti ilicheza bado, ila ikizimwa ilisahau kila kitu. Kwa hiyo Rentaro alitengeneza orodha ya karatasi, akaibandika ukutani juu ya televisheni. Mstari wa kwanza: Baba, Kutu, dakika 11, sekunde 6. Wa pili: Rentaro, Kutu, sekunde tisa nyuma yake. Daigo alidai aandike wake kwa mkono wake. Dakika ishirini na saba. Akaupigia mstari chini mara mbili. Misuzu akakibandika kwa gundi kile kipande cha karatasi pembeni ya orodha, mguu wa Kutu peke yake.

Jioni ile Misuzu na Bibi Yone walitia miguu chini ya meza ya joto. Vidole vya Misuzu, vilivyotoka kwenye theluji, vilianza kumchoma, akakunja uso.

"Vinauma?" Bibi akauliza.

"Vinauma sana."

"Viache viume. Kitu kikifa ganzi hakikusumbui, ndiyo maana ni hatari. Utatembea nacho mpaka kikatike. Uongo nao ni hivyo. Siku ya kwanza unakuuma, ya pili kidogo, ya tatu husikii tena, nawe unadhani umekwisha. Haujaisha. Umehamia kwa mwenzio, yeye ndiye anayeumia. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukikosea, sema ungali unauma."

Akamsogezea sahani. Misuzu alichukua kipande cha figili. Kilikuwa na moshi, na chumvi nyingi, na utamu kidogo mwishoni.

"Bibi," alisema, "umezidisha chumvi."

"Najua," Bibi akasema. "Tangu Ijumaa nilikuwa nangoja mtu aseme."