Kurasa Mbili za Bibi Tinka

Kila siku masomo yalipokwisha, Zlatina alipitia kwa Mzee Velko, mwokaji mikate wa kijiji chetu cha Orehovdol, akachukua mkate wa nyumbani, kisha wakaongozana hadi ukumbini. Mtoto wa miaka kumi na miwili na mzee wa miaka sitini na minane, wote waigizaji. Kwetu hilo si ajabu. Jukwaani daktari wa mifugo huwa mwizi, karani wa posta huwa malkia, na kesho yake kila mtu yuko kazini kwake. Ukumbini humohumo ndimo tunamoazima vitabu, tunamofanyia harusi na tunamogombania maji ya bomba.

Vuli ile tulikuwa tunajiandaa kwa Novemba mosi, siku tunayowakumbuka walimu na waandishi waliotuamsha zamani kama taifa. Mchezo uliandikwa na mwalimu wetu mmoja, marehemu sasa. Mzee Velko alikuwa baba anayemwoza binti yake mkubwa. Zlatina alikuwa binti mdogo, mwenye sentensi nne tu. Binti mkubwa alikuwa Kalina wa kiwanda cha maziwa, na roho ilimuuma Zlatina kila alipomwona amevaa shela.

Sasa, kundi letu lina sheria moja ya tangu enzi za mababu. Kila mwigizaji huandikiwa maneno yake peke yake kwenye kikaratasi. Kitabu kizima ni kimoja tu, na hukaa kwa Bibi Tinka, ambaye hujibanza ndani ya kishimo kilicho mbele ya jukwaa na kumnong'oneza anayesahau. Kitabu hicho hakitoki ukumbini, hata mvua inyeshe mawe.

Mwaka ule kilihitajika kuliko wakati wowote. Majira ya kuchipua Mzee Velko alipigwa na kiharusi. Ulimi ulirudi, lakini herufi zilikuwa zikimchezea machoni, kwa hiyo hakuandikiwa kikaratasi. Bibi Tinka alimsomea, naye akajifunza kwa masikio.

"Nikikwama mbele ya watu," alimwambia Zlatina njiani, "jukwaani sirudi tena. Nitabaki na unga wangu."

"Hutakwama, Mzee."

"Tinka yupo. Tinka akiwepo sina wasiwasi."

Jumamosi, siku moja kabla ya onyesho, mazoezi ya mwisho yalipokwisha, Zlatina alikichukua kitabu na kukificha ndani ya koti. Alijiambia ni kwa usiku mmoja tu. Alitaka ajifunze maneno ya Kalina, maana mafua yalikuwa yamezagaa kijijini, na nani ajuaye? Jikoni kwao alisimama mbele ya kioo akasoma maagano, pale baba na binti wanapoagana siku ya harusi, zamu ya baba na zamu ya binti, mpaka akaweza kuyasema bila kutazama. Ndipo kiwiko chake kikagonga bakuli la rojo la pilipili hoho na nyanya ambalo bibi yake alikuwa akilijaza kwenye machupa. Rojo likamwagika juu ya kurasa mbili. Alizipangusa, zikapakaa zaidi. Akazichana na kuziweka juu ya jiko zikauke, zikaungua. Akazitia motoni. Asubuhi na mapema akarudisha kitabu mahali pake na kumwomba Mungu Bibi Tinka asikifungue.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto mwenye hofu hakumbuki methali.

Jumapili saa kumi alasiri ukumbi ulijaa hadi madirishani. Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri, ya pili pia. Mzee Velko alisahau mara tatu, na mara tatu mnong'ono ukatoka kishimoni, akaendelea kama vile alikuwa akivuta pumzi tu. Zlatina alisema sentensi zake nne na hata hakusikia makofi. Alikuwa akihesabu kurasa zilizobaki.

Pazia lilipofungwa kwa mapumziko, Bibi Tinka alikuja nyuma ya jukwaa ameshika kitabu, uso mweupe kama unga.

"Kurasa mbili hazipo," alisema. "Maagano yote. Boyko, wewe ndiye uliyefagia kishimo jana."

Boyko, mvuta pazia, mwanafunzi mwenzake Zlatina, alibaki mdomo wazi. "Mimi? Bibi, mimi hata darasani sifungui kitabu, nije nikifungue chako?"

"Usinichekeshe, we mtoto. Ziko wapi?"

"Sijui, naapa."

"Huwezi kuyasema bila kitabu, Tinka?" aliuliza Kalina.

"Miaka hamsini nasoma, sikariri. Kazi yangu ni macho."

Mzee Velko alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkono wake dhaifu umelala pajani. Hakulaumu mtu. Alianza kufungua vifungo vya koti la maigizo, kimoja kimoja. "Waambieni watu naumwa," alisema.

Zlatina alimtazama Boyko, ambaye machozi yalikuwa yamemlenga, kisha akavitazama vile vifungo. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona.

"Ni mimi," alisema. "Nilikipeleka nyumbani. Kikamwagikiwa rojo. Nikazichoma."

Bibi Tinka aliinua mkono, akaushusha. "Mtoto wewe. Unajua umefanya nini?"

"Najua. Lakini naweza kuyasema maagano yote, ya baba na ya binti. Nilijifunza mbele ya kioo."

"Yote?"

"Yote."

Nje watu walianza kupiga miguu sakafuni. Bibi Tinka alimwangalia Mzee Velko. Mzee akaanza kufunga vifungo.

"Aingie shimoni," alisema.

Kishimo kilinuka vumbi na balbu iliyopata moto. Zlatina aliona viatu vya Mzee Velko na pindo la shela ya Kalina. Bibi Tinka alijibana nyuma yake, akamshika bega. "Usimkimbilie," alimnong'oneza. "Akivuta pumzi, bado anatafuta. Akiitoa bila neno, mpe."

Mzee alianza vizuri. Kisha akatoa pumzi bila neno, Zlatina akampa, akaendelea. Akakwama tena, akapewa. Sentensi moja tu ilibaki. Mzee akatoa pumzi, akangoja.

Kichwani mwa Zlatina hamkuwa na kitu. Alifumba macho akauona ukurasa, na palipokuwa na sentensi ile aliliona rojo jekundu tu. Kidole cha Bibi Tinka kikamkaza begani. Kuni zilipasuka ndani ya jiko la ukumbi.

"Nimesahau," alinong'ona, akimtazama mzee usoni. "Nisamehe."

Mzee Velko alimsikia. Akamgeukia Kalina, akamshika mkono kwa mkono wake ule dhaifu. "Mwanangu," alisema polepole, "maneno niliyokuwekea yamepotea njiani. Lakini mlango wetu unaujua. Haufungwi."

Wake kwa waume walikuwa wakifuta macho. Kisha ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Baadaye, walipokuwa wakila pai ya jibini iliyotoka tanurini kwa Mzee Velko, Zlatina alimwomba Boyko msamaha mbele ya wote, kisha akasimama mbele ya mzee.

"Nami nilisahau, karibu nikukwamishe," alisema.

"Kusahau si kosa, mwanangu. Mimi nasahau kila siku," alisema Mzee Velko. "Ulinitazama ukaniambia umesahau, nikajua nijitafutie mwenyewe. Ungebuni uongo, au ungenyamaza kule nyuma, ndipo ningeanguka. Ukiharibu kitu, sema mapema, wenzako wapate muda wa kukuokoa na kujiokoa."

Bibi Tinka alimletea kalamu na karatasi mbili. "Andika maagano," alisema. "Hapahapa. Kitabu hakitoki."

Zlatina aliandika hadi mkono ukamuuma. Alipofika kwenye sentensi aliyoisahau, tayari alikuwa ameikumbuka, neno kwa neno. Akamuuliza Bibi Tinka kama aiandike, na bibi akatikisa kichwa kukataa. Basi akaandika maneno ya Mzee Velko, na hayo ndiyo tunayoyasema mpaka leo.